Usimwonyeshe mgeni bustani yote akiwa getini

Shikamooni wazee wangu, mama zangu, na vijana mambo vipi. Mugonile! Na ndugu zetu wa Iringa na Njombe mlioamka usiku kuwahi basi, kamwene. Haya ndo niliyoongea Jumamosi pale ukumbini, nimeyaandika vilevile kwa sababu waliokaa nyuma walilalamika kwamba spika ilikuwa inakoroma, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha koma na nukta anisamehe tu, mi ni mtu wa jembe.

Kazi yangu wengi mnaijua, nauza miche kando ya barabara na kutengeneza bustani za watu hapa Mbeya. Shule ya haya mambo sikwenda, nimesomea kwenye makosa, tena mengi ni ya kwangu mwenyewe na ntawaambia moja sasa hivi. Nimeombwa niongee kuhusu bustani ndogo, maana viwanja vya siku hizi si mnavijua, unanunua 20 kwa 20 unaona una shamba, nyumba inakula, shimo la choo linakula, banda la kuku, sehemu ya kulaza bajaji, ukija kushtuka umebakiwa na kipande mbele ya baraza, mita 6 kwa 8 basi. Halafu fundi anasimama pale, mikono kiunoni, anasema bosi hapa hamna kitu, mwaga pevingi tumalize kazi. Nimekuja kubishana na huyo fundi.

Nilipohamia kwangu nilikuwa na kipande cha namna hiyohiyo. Na kwa kuwa nauza miche nikaona aibu kwangu pakose kitu, nikaleta kila kitu. Kuzunguka ukuta mzima nikapanda miashoki 14 imesimama kama askari wa gwaride, katikati ukoka, juu ya ukoka nikapanga ndoo za rangi, zile za lita 20 unazikata nusu, nilikuwa nazo 22, kila moja na ua lake. Mama watoto akakaa kimya wiki nzima, siku ya nane akaniambia, "Baba, hapa pamekuwa stoo ya biashara yako." Nikanuna. Ila nikatoka nje nikasimama getini nikatazama kama mteja, na kweli, kwa jicho moja nilikuwa nimeshaona kila kitu, ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia, ukuta wa mbele, ndoo 22, kwisha. Hakukuwa na sababu yoyote ya mtu kuinua mguu aingie. Jicho likishaona mwisho linapiga hesabu lenyewe, linakwambia hapa ni padogo, na likishasema hivo hata uweke maua ya ikulu halirudi nyuma.

Ni kama kusimulia hadithi. Ukiwaita watoto ukawaambia hadithi hadithi, hadithi njoo, halafu palepale ukawapa mwisho wake, nani atabaki kusikiliza?

Kwa hiyo nikafanya kitu ambacho jirani aliona nimechanganyikiwa, nikiwa na eneo dogo nikaliziba. Nilichukua nguzo 2 za mti, nikatandika waya kati yake, kimo cha mita 1 na nusu tu, upana mita 2, nikapandisha pasheni. Hilo pazia sikuliweka mwisho wala mwanzo, nililiweka kama theluthi ya njia ukitoka getini, tena upande mmoja, ili ule mwingine ubaki na upenyo wa kupita. Njia ikaja kutoka getini, ikazunguka nyuma ya pasheni, ikapotea. Nyuma ya pasheni kuna nini? Kuna benchi na pipa la maji, hamna zaidi! Lakini mama yangu alipokuja kututembelea akasimama getini akauliza, "Na huko nyuma kunaenda wapi?" Nikamwambia hakuendi popote mama, huko ni ukuta. Hakuniamini, akaenda kuangalia mwenyewe. Ndo nikajua tumeshinda, maana kabla ya hapo hakuna binadamu aliyewahi kwenda kuangalia chochote kwenye ile bustani.

Sasa hiyo njia yenyewe. Watu wengi wanachora njia inayotoka getini moja kwa moja hadi mlangoni, sambamba na ukuta, inakata kipande katikati kama mkate, unapata vipande 2 vyembamba visivyofaa hata kukausha nguo. Mafundi ujenzi mliomo humu mnajua ile ya tatu-nne-tano ya kunyoosha kona ya msingi, upande mmoja tatu, mwingine nne, kona kwa kona inatoka tano, sivyo? Ehee. Sasa kipande changu ni 6 kwa 8, kwa hiyo kona kwa kona ni ngapi? Kijana pale nyuma amejibu, 10, ahsante sana. Yaani mita 2 nimezipata bure, sijahamisha ukuta, sijagombana na jirani, nimegeuza tu mwelekeo wa njia. Na pevingi ukizilaza kwa mshazari, zifuate huohuo upande wa kona kwa kona, jicho linafuata ile mistari mirefu linasahau ukuta uko karibu. Chagua vipande vikubwa pia, vile vidogo vya rangi tatu tatu vinajaza mistari kila mahali, unapata kizunguzungu kabla hujafika mlangoni.

Kijana wangu ana simu janja, siku moja akanionyesha kitu cha Roma. Kuna jumba linaitwa Palazzo Spada, humo ndani kuna ushoroba wenye nguzo pande zote mbili uliojengwa na Borromini karne ya 17. Ukiutazama kutoka mwanzoni unaapa ni mrefu kama mita 35 hivi, na kule mwisho kuna sanamu unaona ni saizi ya mtu mzima. Kumbe ushoroba wenyewe haufiki hata mita 9, na sanamu ni kama sentimita 60! Jamaa alipunguza nguzo kidogo kidogo kadri unavyoenda ndani, dari akaishusha, sakafu akaipandisha, kuta akazisogeza. Nikasema huyu mzee angekuwa hai ningemwajiri. Basi nikaiba, njia yangu getini ina sentimita 120, wanapita watu wawili bega kwa bega bila kusukumana, inapopinda kwenye pasheni ina 100, kule kwenye benchi 80. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kugundua. Ila niseme ukweli, ujanja huu unafanya kazi upande mmoja tu, ukiwa umekaa kwenye benchi unatazama getini njia inaonekana fupi kuliko ilivyo, kwa hiyo amua kwanza unataka kumdanganya nani, mgeni anayeingia au wewe uliyekaa.

Majani nayo ni hivohivo. Makubwa karibu, madogo mbali. Pale getini kwangu nina magimbi, haya haya ya Tukuyu, mtu anacheka kwamba nimepanda chakula kwenye maua, lakini jani lile la gimbi likiwa karibu na kule mwisho kukawa na rosmari yenye vijani kama sindano, umbali unaongezeka wenyewe. Na magimbi tunakula, sasa tatizo liko wapi.

Rangi, hapo ndo napenda kukaa. Tokeni nje mwangalie milima, hapa hatuna haja ya vitabu. Loleza kwa kuwa uko karibu unauona kijani na makorongo yake yote, ukigeuka ukatazama ile ya mbali upande wa Uporoto asubuhi hewa ikiwa safi, yote ni bluu, wakati miti na majani yake ni yaleyale. Hewa iliyopo katikati ndo inapaka ile bluu. Macho yetu tangu utotoni yamezoea kwamba bluu ni mbali, kwa hiyo ukiweka bluu na zambarau kule mwisho wa kipande chako, jicho linasema lo, kule ni mbali. Ukiweka nyekundu na manjano kule mwisho linakuja kukukaba shingo. Kana nyekundu ziweke huku karibu na baraza. Kule mwisho plambago, agapanthus, haidrenjia. Na haidrenjia kwa udongo wetu wenye uchachu, hasa wenzangu wa Tukuyu mnaokaa na mashamba ya chai, inatoka bluu yenyewe bila dawa, ila ukiona imeanza kuwa ya pinki jiulize nani anamwaga majivu ya jiko pale, maana majivu yanaondoa ule uchachu. Kwangu alikuwa mdogo wangu. Tulielewana.

Hii ndo sababu pia ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa lipu unabana sana, na huku kwetu ndo ukuta wa kila mtu. Tofali ni jekundu, rangi ya moto, linakufuata. Sisemi ubomoe, wala sisemi upake chokaa nyeupe pee, hiyo jua likiipiga mwezi wa kumi unafumba macho. Paka kijani cha giza au kijivu, au tandika waya sentimita 10 hadi 15 mbele ya ukuta upandishe kitu, asumini, pasheni, chochote kinachopanda. Ukuta ukishamezwa na majani, jicho linakosa mahali pa kusema hapa ndo mwisho.

Haya, sasa naja kwenye lile linaloniuma. Tuna mlima jamani. Loleza ule pale kaskazini, zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na sisi huku mjini tuko kwenye 1,700 hivi, yaani karibu kilomita nzima ya mlima imesimama juu ya paa lako bure, huilipii kodi ya ardhi, huipalilii, humwagilii kiangazi. Halafu mtu anajenga ukuta, anapanda miashoki kufuata ukuta, anauziba ule mlima wote kabisa, halafu ananipigia simu, mzee njoo bustani yangu inabana. Si umeibana mwenyewe! Wajapani wana neno lake kabisa, shakkei, maana yake mandhari ya kuazima. Wanatengeneza bustani ndogo, wanaficha vile vya katikati, mapaa na barabara, wanaacha upenyo kwenye miti ili mlima wa mbali uingie ndani uonekane ni sehemu ya bustani yao. Kwetu cha katikati ni bati la jirani na tanki lake la maji, basi panda kitu kimoja tu cha kuficha hilo tanki, na kwingine kote acha wazi. Nilikwenda kwa mama mmoja hivi karibuni, hatukununua hata ua moja siku hiyo, tulikata miashoki 5 tu kufikia kimo cha ukuta, akakaa chini. Akasema, "Miaka sita nakaa hapa."

Ukitaka kujua pa kuacha wazi chukua kigoda, usisimame, kaa, kwa sababu bustani inatazamwa kwa kukaa. Ukiona ukuta umekata mlima rudi nyuma hatua 2 ukae tena, kadri unavyokuwa mbali na ukuta ndo unavyozidi kuwa mfupi machoni, utafika mahali mlima unachomoza wote. Hapo ndo pa benchi, weka jiwe la alama ukanywe chai.

Na kuna bahati nyingine ambayo sijui kama mmeiona. Sisi tuko kusini mwa ikweta, nyuzi 9 hivi, kwa hiyo mwezi wa sita jua la saa sita mchana haliko utosini, limeegemea kaskazini. Ukuta wa mita 2 na nusu siku hizo unatupa kivuli cha kama mita 1 na nusu upande wake wa kusini mchana kweupe, na mnajua Juni na Julai ya hapa ilivyo, ukikaa kivulini unatetemeka na sweta lako. Kwa hiyo benchi usilibandike chini ya ukuta wa kaskazini, liweke upande wa kusini wa kipande, uso uangalie kaskazini, jua linakupiga kifuani na mlima uko mbele yako, vyote viwili kwa wakati mmoja. Mtu akiniuliza kwa nini sihami Mbeya namwonyesha hilo benchi. Na ile sehemu ya kivuli chini ya ukuta usiilaumu, huko ndo pa haidrenjia na zile kala lili nyeupe, zinapenda.

Mmewahi kufika Kitulo? Nyosheni mikono... wachache, aibu, watu wanatoka Ulaya. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kilomita za mraba 412 na kitu, wenyewe wanaita Bustani ya Mungu, orkidi tu zimehesabiwa aina 45. Nenda kipindi cha mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Mi nilichojifunza kule ni kimoja, katikati hakujazibwa. Majani yako chini ya goti, maua yamechanganyika humohumo kwenye majani, halafu juu ni anga. Nikarudi nyumbani nikatazama zile ndoo zangu 22, zote zilikuwa na kimo cha kati ya goti na kifua, yaani zimejaza ileile sehemu ambayo macho yanapita. Tangu siku hiyo natengeneza hivi, vitu viwe chini ya goti au viwe juu ya kichwa, hapo katikati paachwe hewa, isipokuwa lile pazia moja la pasheni. Na tafadhali msiende kung'oa orkidi za Kitulo mkasema mzee ndo katutuma, zimeshachimbwa vya kutosha na wanaozipeleka Zambia kwa ajili ya chikanda, kile chakula kinachotengenezwa kwa viazi vya orkidi.

Ndoo zote niligawa. Badala yake nina chungu kimoja, kikubwa, cha Wakisi wa Ikombe kule Matema, nimekileta kwa gari nimekipakata kama mtoto. Kitu kimoja kikubwa kinafanya eneo lionekane kubwa, vidogo ishirini vinafanya lionekane duka. Vile vyungu havina tundu, toboa polepole kwa drili au weka kopo lenye mmea ndani yake, na kwenye udongo changanya yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini, huku kwetu yapo mengi, chungu hakiwi kizito na maji hayatuami.

Kuhusu kukaribisha, mi naona tunasahau kwamba sisi ni watu wa baridi. Bustani za kwenye picha ni za watu wa joto, wanaweka bwawa. Mimi nasema weka mahali pa kuota moto. Mawe mduara, upana sentimita 60 au 70, mbali na majani angalau mita 1 na nusu, benchi la kimo cha sentimita 45 lifike hapo karibu. Taa nayo, toa ile moja kubwa ya juu inayomulika kila kona, ile inakurudishia kuta zako zote usiku, weka taa ndogo 2 za sola chini, moja nyuma ya chungu, nyingine kule nyuma ya pasheni, giza likae katikati yake. Pembeni ya njia mchaichai, lazima gauni la mtu liuguse akipita, harufu inatoka. Kwangu sasa wageni wanaondoka saa tano usiku, mama watoto ameanza kulalamika upya ila safari hii ni kuhusu sukari.

Maswali yalikuwa mengi, naandika mawili tu.

Mama mmoja aliuliza kuhusu kuku, kwamba yote haya ni mazuri lakini kuku wanachakura. Mama, kuku na bustani ndogo haviendi pamoja, fungia asubuhi, waachie saa kumi na moja jioni kabla ya kulala, wanakula wadudu hawapati muda wa kuharibu. Na chini ya maua mwaga maganda ya kahawa kutoka Mbozi kama matandazo, udongo haukauki upesi kiangazi, ingawa hayo kuku wanayapenda pia, sitaki kukudanganya.

La mwisho alikuwa mzee wa Njombe, ana mparachichi wa kubebesha katikati ya kipande chake, una miaka saba, umejaza eneo lote, wanawe wanataka aukate wapate bustani. Nikamuuliza unazaa? Akasema gunia. Mzee, usiukate. Shambani tunaipanda mita 7 kwa 7, kwa hiyo huo mti haujakosea, wewe ndo uliuweka kwenye mita 6. Ondoa matawi ya chini, yote, mpaka kimo cha mtu aliyeinua mkono, siyo siku moja, fanya misimu 2 usiushtue. Chini yake utaona mpaka ukutani, utakuwa na chumba chenye dari ya majani, weka benchi lizunguke shina. Akaniuliza, na parachichi zikidondoka kichwani? Nikamwambia hizo ndo unawapa wanao.